Magari Sita ya Chrispinus Shikanga

Chrispinus Shikanga aliendesha trekta la kuvuta miwa, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemshinda katika Kabras nzima. Matope ya Aprili yaliyowalaza madereva wengine barabarani yeye aliyapita akipiga mluzi. Lakini akishuka kwenye trekta alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani hakuna jambo alilolianza likaisha. Alianza kuchimba choo, na kabla shimo halijamfika kiunoni akaanza kibanda cha kuku. Kabla kibanda hakijapata paa akakumbuka ua wa michongoma, akaupunguza upande mmoja tu. Ukifika kwake ungedhani hapo wanaishi wanaume watatu ambao hawasemezani.

Mkewe Phoebe alikuwa amezoea. Hakuwa mtu wa kelele. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama kanisani, na hata nyumbani alizungumza kama mtu wa sauti ya pili, taratibu, akimwacha mwenzake atangulie mpaka apotee njia mwenyewe.

Miaka ile miwa ilikuwa inalipa. Watu walipanda miwa hadi mlangoni, na malipo yakitoka, kila boma lilionyesha lilichopata. Huyu alinunua viti vya sofa, yule redio kubwa ya kaseti, mwingine aliongeza mke. Barabara ya Malava ilianza kuwa na pikapu mpya ambazo viti vyake vilikuwa bado na nailoni za dukani, na wenyewe walikataa katakata kuzitoa. Shikanga alikuwa na shamba dogo la miwa pamoja na mshahara wa kiwandani, kwa hiyo naye alipata chake. Binti yao Awinja alikuwa shule ya bweni, karo ilikuwa imelipwa, na nyumba ilikuwa na mabati mapya. Kilichobaki kilikuwa milango, ambayo bado ilikuwa mbao tupu. Phoebe akamtuma mumewe mjini Kakamega kuleta rangi.

Shikanga alifika mjini na nia njema. Tatizo ni kwamba alipita karibu na duka moja la vitabu na vitu vya watoto ambalo mwenyewe alikuwa akimaliza bidhaa ili afunge. Dirishani palikuwa na maboksi yenye picha za magari, mazuri ajabu, yaking'aa kama yametoka kuoshwa. Ndani ya kila boksi mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi mpaka upate gari dogo la urefu wa kiganja. Yalikuwa maboksi sita. Shikanga alinunua yote sita, na sababu aliyoitoa baadaye ni kwamba yalikuwa sita.

"Baba Awinja, rangi iko wapi?" Phoebe aliuliza jioni ile.

"Nimeleta."

Akapanga mezani vikopo vya rangi nyekundu, nyeupe, buluu na nyeusi, vidogo kiasi kwamba kimoja kingetosha bawaba.

"Hii ndiyo itapaka mlango?"

"Mlango unaweza kungoja. Mlango hauendi mahali."

Phoebe aliyatazama yale maboksi. "Na haya yanaenda?" akauliza, kisha akaenda kusonga obusuma, ugali wa jioni, bila kungoja jibu.

Mtu mwingine angefungua boksi moja, akaunda gari moja, akalimaliza. Shikanga aliyafungua yote siku hiyo hiyo, akamwaga vipande vyote mezani. Karatasi za maelezo, zilizokuwa na michoro na mishale, akazikunja na kuziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

"Si uanze na moja?" Phoebe akasema.

"Nikipaka hii, ile inakauka. Ile ikikauka, nyingine naitia gundi. Hakuna kukaa bure. Kwani kiwanda kinasaga muwa mmoja mmoja?"

Kwa hiyo nyumba ikawa kiwanda. Kila alipotoka kazini alioga, akavuta kiti, akainama. Meza ikawa haikaribiki. Walikula sahani zikiwa magotini, na wageni walipokuja Phoebe aliwaandalia chai kwenye stuli. Muda si mrefu vipande vya magari sita vikaoana bila ruhusa. Gari refu la kifahari likapata magurudumu ya gari la mashindano, likawa limeinua kifua kama jogoo. Jingine likapata milango miwili ya kushoto, na Shikanga akasema ndivyo linavyotakiwa. Gundi nayo ilimtoka vidoleni ikahamia kwenye vioo vya mbele, na dereva wa gari la buluu, kama angekuwepo, asingeona barabara, angeona dole gumba la Shikanga.

Kisha wakaanza kuchoma mashamba ya jirani, tayari kwa kukata miwa. Wanaokaa huko wanayajua yale majivu meusi yanayopaa na kushuka popote yanapotaka. Yaliingia dirishani na kutua juu ya gari jeupe lililokuwa limepakwa asubuhi hiyo, rangi ikiwa bado mbichi.

"Hili la madoadoa limekutoka vizuri," Phoebe akasema. "Kama kanga."

"Si madoadoa. Ni majivu."

"Basi usiseme. Watu watafikiri ulikusudia."

Wiki hiyo hiyo kuku aliingia ndani na kumeza usukani wa gari jekundu. Shikanga alimfuata kuku huyo siku mbili kwa subira kubwa, na mwishoni akakubali kwamba gari litaendeshwa bila usukani. Phoebe alisema si neno, kuku ameanza kukata kona vizuri.

Mambo yangeishia hapo, kama si Sifuna. Huyu Sifuna alikuwa na bucha pale Malava, na habari zilizotoka kwake zilikuwa mbichi kuliko nyama yake. Jumamosi moja Shikanga alipita kununua matumbo.

"Umepotea sana," Sifuna akamwambia. "Siku hizi huonekani."

"Niko na kazi nyumbani. Ninapaka magari rangi."

"Magari ya nani?"

"Yangu."

"Mangapi?"

"Sita."

Kisu cha Sifuna kikasimama juu ya mbavu. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Hapo Shikanga angeweza kuongeza neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "madogo". Lilimfika hadi ulimini. Lakini aliziona nyuso zile, aliona jinsi mtu aliyekuwa mbele yake alivyosogea kumpisha, na neno akalimeza.

"Mbona hatujayaona?" Sifuna akauliza, sasa kwa adabu.

"Yako ndani. Rangi haijakauka, na haya majivu ya miwa unayajua."

Sifuna alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeyaelewa vizuri matatizo ya wenye magari. Siku hiyo alimpimia Shikanga matumbo bila kuweka kidole kwenye mizani.

Kufikia jioni Malava nzima ilijua kwamba Shikanga ana magari sita. Kwenye kisima ikaongezwa basi. Huko Matete walisikia kwamba amefungua gereji Kakamega mjini, na binamu yake mmoja wa Shirere, ambaye hawakuwa wameonana tangu mazishi ya bibi yao, alikuja na kuku mkononi kuomba kazi ya utanboi, ya kumsaidia dereva. Wazee walianza kumwachia nafasi kwenye benchi. Shikanga naye akabadilika mwendo. Alichukua ufunguo wa kufuli la ghala la mahindi, akawa anatembea akiuzungusha kidoleni.

Kwa haki yake tuseme hivi: hakuwahi kusema uongo. Akiulizwa ni magari ya aina gani, alitaja aina zilizoandikwa kwenye maboksi. Akiulizwa kama yanakula mafuta mengi, alisema hayali kabisa. Akiulizwa kama yanaenda vizuri, alisema magurudumu yanazunguka bila shida, isipokuwa lile moja.

Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, Mama Navalayo akamsimamisha. Navalayo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, mama mwenye kifua kipana na sauti ya kupita ng'ambo ya mto. Hakuzoea kuomba vitu. Alikuwa akikupa tu taarifa ya utakachofanya.

"Ndugu Shikanga, Mungu amekubariki."

"Amina, mama."

"Jumamosi kwaya inaenda Matete kwa mashindano. Magari mawili yatatutosha. Hatutaki kukusumbua na yote sita."

Shikanga alimtafuta Phoebe kwa macho. Phoebe alikuwa hatua chache tu nyuma yao, akifunga kitambaa chake cha kichwa na kutazama wingu.

"Kama rangi itakuwa imekauka, mama," Shikanga akasema.

"Itakauka. Tutaiombea."

Na kweli Jumatano, katika maombi ya akina mama, rangi ya Shikanga iliombewa. Phoebe alikuwepo. Alifumba macho na wenzake, akasema amina na wenzake.

"Mbona hukuniokoa?" Shikanga alimuuliza usiku ule wa Jumapili, wakati Phoebe akichagua mchele.

"Nikuokoe na nini? Umeombwa magari, na magari uko nayo."

"Mama Awinja, wewe unajua ukweli."

"Ninajua rangi haijakauka. Hilo ndilo nimesikia ukisema."

Wiki hiyo Shikanga alitoka nyumbani kila siku akiwa ameazimia kusema. Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwa Sifuna, akakuta Sifuna amemwekea figo pembeni kama zawadi, akashindwa. Jumanne alifika hadi lango la Navalayo, akamsikia ndani akiwafundisha wenzake wimbo, akarudi. Alhamisi alijiambia kwamba labda mvua itanyesha na mashindano yataahirishwa. Mvua haikunyesha, na katika msimu huo wa kukata miwa, ambao hakuna mkulima anayetaka mvua, yeye ndiye pekee aliyefurahi lilipotanda wingu na kuhuzunika lilipoondoka bila tone.

Jumamosi asubuhi kwaya ikaja. Walikuwa wamevaa magauni ya buluu na vitambaa vyeupe, viatu vimepakwa mafuta, na kila mmoja alikuwa na kikapu cha chakula. Sifuna alikuwa amefunga bucha ili ashuhudie. Phoebe alitoka ndani amevaa sare yake, akaenda kusimama katikati ya waimbaji, kisha akageuka kumtazama mumewe kama walivyokuwa wakimtazama wengine wote.

"Ndugu Shikanga," Navalayo akasema, "tumefika."

"Karibuni ndani."

"Tusipoteze wakati. Tuonyeshe magari."

"Yako ndani, mama. Yako mezani."

Waliingia wale walioweza kuenea, na waliobaki wakachungulia dirishani. Pale mezani magari sita yalikuwa yamepangwa kwa mstari, yote yakielekea mlangoni, kwa sababu Shikanga alikuwa ameamka mapema kuyapanga hivyo, akitumaini sijui nini. Lile la kifahari lilikuwa limeinua kifua. Lile la milango ya kushoto lilikuwa limelala upande. Navalayo alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akainama. Alilinyanyua lile la madoadoa na kuzungusha gurudumu kwa kidole. Likadondoka.

"Hili ndilo tuliloliombea?" akauliza.

"Hilo lilikauka Alhamisi, mama," Shikanga akasema kwa sauti ndogo. "Siku moja tu baada ya maombi."

Navalayo aliketi kwenye kiti cha Shikanga. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia. Kisha kicheko kikatoka, kile cha kupita ng'ambo ya mto, na nyumba nzima ikamfuata. Mmoja aliuliza nani atakaa mbele. Mwingine akasema yeye ni mzito, apewe lile refu peke yake. Sifuna hakucheka. Alitoka nje akasimama chini ya upenu wa jikoni, bila shaka akitafuta namna ya kusimulia kisa hiki bila yeye kuwemo.

Lakini kicheko kina mwisho wake. Kilipotulia, akina mama walitazamana. Walikuwa wamefanya mazoezi miezi mingi. Walishona sare mpya. Na hakuna aliyetafuta gari lingine, kwa sababu Shikanga alikuwa nayo sita. Mmoja wao, mjane kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepewa ubeti wa kuimba peke yake, aliweka kikapu chini na kuanza kufungua kitambaa cha kichwa.

Hicho ndicho kilichomchoma Shikanga. Kicheko angekivumilia. Alimtazama yule mjane akikunja kitambaa chake vizuri, kona kwa kona, na hakuweza kuendelea kusimama pale. Alichukua baiskeli akaondoka bila kuaga.

Alikwenda nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, kwa Oduor, msimamizi wa matrekta. Oduor alikuwa amevaa fulana, anakunywa chai na viazi vitamu. Shikanga alimweleza yote, kuanzia kwa milango isiyopakwa rangi. Hakuruka hata kuku.

"Rudia hapo kwa maombi," Oduor akasema.

Shikanga akarudia.

Oduor aliweka kikombe chini na kufuta macho. Halafu akafikiri. Kulikuwa na trekta moja na trela lililotakiwa kulala Matete, kwa sababu Jumatatu wangeanza kukata miwa upande huo. Dereva wake angelipeleka kesho.

"Lipeleke leo," akasema. "Ukifika, uliache kwa mlinzi wa shamba. Na uendeshe kama umebeba mayai, Shikanga. Wakirudi, hiyo ni juu yenu."

Trela la miwa ni kizimba cha vyuma kisicho na paa, na halijawahi kuoshwa tangu lizaliwe. Sakafu yake inanata maji ya miwa. Akina mama walitandika magunia na mikeka, wakapandishana mmoja mmoja, Navalayo akiwa wa mwisho, akisukumwa na watatu na kuvutwa na wanne. Nyuki waliokuwa wakiishi kwenye lile trela hawakuona sababu ya kuhama, wakaenda nao. Sifuna alikataa kupanda, akasimama barabarani akipunga mkono kama waziri.

Walipita Malava wakiimba. Watu walitoka madukani kuona kwaya iliyofungiwa kizimbani ikisifu. Trekta lilikwenda polepole hivi kwamba waliimba nyimbo zao zote za mashindano, wakazirudia, na ulipotokea mteremko Navalayo alisimamisha wimbo ili asahihishe sauti ya pili. Shikanga aligeuka kuangalia kama wote wako salama. Alimwona mkewe amekaa juu ya gunia huko nyuma, ameshika chuma kwa mkono mmoja, anacheka mdomo wazi. Hakukumbuka lini alimwona akicheka hivyo. Kwa sababu hiyo tu karibu alitie trekta mtaroni, yeye asiyeshindwa na matope.

Walifika Matete wakati kwaya ya mwisho ikishuka jukwaani. Majaji walikuwa wanakusanya vitu vyao. Navalayo alizungumza nao maneno mawili kwa sauti yake ya kutoa taarifa, nao wakaketi tena. Kwaya ikapanda, vitambaa vyeupe vikiwa na madoa ya majivu, pindo za magauni zikigandana, nyuki mmoja au wawili wakiwafuata kwa uaminifu. Sauti zilikuwa zimepashwa moto njia nzima. Yule mjane aliimba ubeti wake bila kutetemeka. Wakawa wa pili. Wa kwanza walikuwa wamekuja kwa basi, jambo ambalo Navalayo alilitaja kila mara baadaye, kana kwamba basi ndilo lililoimba.

Jioni walirudi kwa lori la wakulima wa Lugari lililokuwa likishuka na mahindi, na Shikanga alirudi nao, ameketi juu ya magunia, akipitishiwa maandazi yaliyobaki.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Mkurugenzi. Alipopita bucha, Sifuna alimuuliza kama basi limefika, na kwa wateja wageni alieleza kwamba yeye alijua tangu mwanzo, alikuwa anamtega tu. Jumapili Shikanga alitoka kanisani haraka, akachukua kikapu, akaanza kutia magari ndani.

"Unayapeleka wapi?" Phoebe akauliza.

"Kwenye lile shimo la choo."

"Yarudishe mezani."

"Ili watu waendelee kunicheka?"

"Watakucheka hata bila magari." Phoebe alivuta kiti akaketi mahali pa mumewe. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilijua utasema. Sikujua ungengoja hadi tuvae sare."

Phoebe alichukua lile jeupe, akaleta sindano ya kushonea, akaanza kung'oa majivu chembe kwa chembe. Alikuwa na mkono mtulivu. Shikanga alilishika gari ili lisitikisike. Kisha mkono wake mwingine ukaanza kunyemelea lile la buluu.

"Liache," Phoebe akasema. "Tuko na hili."

Akaliacha. Walilipaka upya, wakagandisha gurudumu, wakalipuliza kwa zamu. Lilikauka bila doa, likawekwa juu ya redio kwenye kitambaa cha kufuma, na wageni waliokuja kucheka walilinyanyua, wakaligeuza, wakauliza limetengenezwaje. Yale matano yalichukua miezi mingi, moja moja, na Shikanga alinung'unika kwa kila moja.

Mwaka uliofuata kwaya ilialikwa Lugari. Sifuna alikuwa amenunua pikapu, akajitolea kuwabeba kwa awamu. Navalayo hakukubali hapo hapo. Alikwenda hadi kwa Sifuna na nusu ya kwaya, akaigonga bodi kwa kifundo cha kidole, akafungua mlango, akaketi ndani juu ya nailoni, akamwambia awashe injini. Ilipowaka akashuka na kusema inafaa. Shikanga alisafiri awamu ya kwanza, nyuma kabisa, kati ya Phoebe na sufuria ya wali, na alipoombwa aimbe sauti ya nne akaiimba njia nzima, vibaya, bila mtu kumkataza.